Vitundu Vitatu Nyuma ya Kompyuta

6 Februari 2001

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Hatujambo, isipokuwa Mama na goti lake, ambalo sasa limegeuka mtabiri wa hali ya hewa. Likimuuma anaanua nguo, na mvua isiponyesha anasema goti limedanganywa. Nilikuwa naye kwa mama mdogo Jumamosi na Jumapili. Anauliza kama huko kambini mnapata maziwa, maana ulipokuja mara ya mwisho mashavu yako yalikuwa yameingia ndani. Shemeji yako ni mzima. Anakaa na saa zake pale chumba cha mbele kuanzia asubuhi, ingawa siku hizi watu wananunua saa za kutupa na wateja wa kutengeneza wanapungua.

Nakuandikia kwa taipureta yangu ya enzi za ualimu. Sijui kama utepe wake bado una wino, kwa hiyo ukipata karatasi nyeupe tupu, ujue nilikuwa na mengi ya kusema.

Kilichonifanya niivute chini ya kitanda ni kompyuta uliyoniletea. Imenyamaza. Ijumaa tulikuwa tunaelewana vizuri, mimi na ile sauti ambayo Mama anaiita Bwana Pua kwa kuwa inasemea puani. Jumatatu asubuhi nimerudi, nimeiwasha, nikasikia ule mlio wake mfupi wa kuamka, feni ikazunguka, kisha kimya. Nimebonyeza kila kitufe ninachokijua. Kimya. Unajua mwenyewe kwamba tangu macho yangu yalipozimika, kioo cha kompyuta kwangu ni ukuta. Bila ile sauti ya kunisomea ninachoandika, lile ni sanduku la bati lenye joto.

Ningevumilia, lakini kuna hili. Ile shule ya wasioona imenijibu. Mkaguzi wao atakuja hapa nyumbani tarehe 7 Mei. Anataka kuniona nikiandika somo kwenye kompyuta, nikilisoma na kulisahihisha peke yangu, bila mtu wa kunishika mkono. Nikifaulu, narudi darasani. Kaka, narudi darasani.

Shemeji yako anasema huenda imekufa tu, mashine nazo hufa. Mimi sijakubali. Niambie nianzie wapi.

Dada yako,
Mwalimu


22 Februari 2001

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imenikuta jana na lori la mafuta. Wino ulikuwepo, ila herufi "k" imechoka, kwa hiyo nimekusoma kama mtoto mwenye pengo. Huku tunajenga barabara ambayo mvua inaibomoa. Mwambie Mama maziwa yapo, ya unga, na mashavu yangu ni ya ukoo, sikuyaokota huku. Simu ya upepo ipo kwa mhandisi, lakini ni ya kazi tu, kwa hiyo tutaendelea na stempu.

Hongera kwa habari ya shule. Nimeisoma mara nyingi. Wamekuahidi darasa la umri gani? Na Mama umemwambia?

Sasa tuje kwenye mashine. Ule mlio mfupi unatoka kwenye spika ndogo iliyo ndani ya sanduku, na maana yake ni kwamba ubongo wake ni mzima. Haijafa, na mtu asikwambie imekufa.

Kabla ya kitu chochote, zima, chomoa plagi ukutani, ukae nyuma ya sanduku. Shuka na mkono kutoka kwenye feni. Chini kidogo kuna vitundu vitatu vidogo vya mviringo vilivyojipanga kwenye mstari mmoja, kila kimoja kama tundu la kifungo cha shati. Waya wa spika unaingia katika kimojawapo. Nataka uvishike kwa kidole chako mwenyewe, kisha uniambie kama vipo na kama waya umekaa. Vitundu hivyo ni mdomo wa kadi ya sauti, na mimi naanza kutilia shaka hapo.

Usiweke programu upya kwanza. Hilo ni la mwisho kabisa. Masomo yako yote yamo humo ndani, na mkono ukiteleza kwenye swali moja tu, yamefutika. Ulitoa nakala?

Jambo jingine, kati ya Ijumaa na Jumatatu kuna aliyeiwasha? Umeme ulikatika? Nijibu kila swali, hata linaloonekana la kijinga.

Msalimie sana shemeji.

Mdogo wako,
Waya


11 Machi 2001

Mdogo wangu,

Marahaba. Tumshukuru Mungu, tunaendelea. Goti la Mama limetulia na sasa ameanza kugombana na jino.

Shemeji yako alinisomea barua yako barazani, hata viatu sijavua. Ilikuwa fupi kuliko kawaida yako, nikasema kazi zimekubana. Tumefanya ulivyoagiza, tumeweka programu upya. Yeye aliingiza ile diski na kunisomea maandishi kwenye kioo, mimi nikawa nabonyeza. Mahali fulani alinyamaza. Nikamuuliza, "Imeandika nini?" Akasema, "Inauliza kama tuendelee." "Tuendelee na nini?" "Swali la kawaida tu. Bonyeza." Nikabonyeza. Ilichukua muda mrefu, feni ikawa inavuma, kisha ikamaliza na kuzimika na kuwaka tena. Nilikaa pale nimetega masikio mpaka shingo ikauma. Hakuna.

Sasa sijui kama masomo yangu bado yamo. Nilikuwa nimefika somo la ishirini na kitu. Hilo sitaki kuliwaza.

Shemeji yako anasema ni heri kuwaandikia shule kistaarabu kwamba mwaka huu haitawezekana. Amekuwa mpole sana siku hizi. Ananiletea chai kabla sijaomba. Anasema nisijitese.

Nilidhani ungeniuliza habari za shule. Labda utauliza safari ijayo.

Dada yako,
Mwalimu


28 Machi 2001

Dada,

Shikamoo. Huku tuko salama. Mpishi wetu ameondoka baada ya kutukanana na mhandisi, sasa tunapika kwa zamu, na zamu yangu watu hukumbuka kwao.

Barua yangu iliyopita ilikuwa na kurasa tatu. Habari za shule nilikuuliza kwenye ukurasa wa kwanza.

Shemeji, nakuomba radhi, hapa naongea na wewe, maana najua wewe ndiye unayesoma maneno haya kwa sauti. Habari za kazi? Wewe ni fundi, tena wa vitu vidogo kuliko hivi vyangu, kwa hiyo tutaelewana. Naomba umsomee dada barua hii hadi mstari wa mwisho, usiruke hata palipo na mambo ya kiufundi ya kuchosha. Dada anayaelewa.

Dada, nilikuandikia usiweke programu upya. Narudia pia swali langu la Februari. Nenda nyuma ya sanduku, shuka na mkono chini ya feni, utafute vitundu vitatu vidogo kwenye mstari mmoja. Vipo? Ushike mwenyewe. Usimtume mtu.

Nasubiri jibu la hilo tu. Masomo yako usiyalilie bado. Kama ni diski ile niliyokuachia mimi, haifuti mpaka iambiwe ifute.

Mei si mbali. Usiwaandikie shule chochote.

Mdogo wako,
Waya


14 Aprili 2001

Mdogo wangu,

Salamu. Mama ameng'olewa jino, anaendelea vizuri.

Nimesomewa barua yako. Umesema kazi zimekuzidi, huwezi kufanya lolote ukiwa mbali, nisubiri mpaka upate likizo mwezi wa nane utakuja kuitazama. Na ya kwamba mpishi ameondoka.

Mwezi wa nane nitakuwa naifanyia nini kompyuta? Mkaguzi anakuja Mei. Uliniahidi wewe mwenyewe, siku ulipoifungua pale mezani, kwamba ikinisumbua hutaniacha. Kama umechoka, sema umechoka. Mimi si mtoto.

Shemeji yako ameshaandika barua ya kuwaambia shule wasije. Anataka niweke sahihi. Kila asubuhi anaiweka mezani karibu na kikombe changu na kalamu juu yake. Sijaweka.

Kitu kimoja kinanizunguka kichwani. Alipokuwa akinisomea, nilisikia akigeuza karatasi, halafu akaigeuza tena. Karatasi zilikuwa nyingi kuliko maneno. Sikusema kitu. Barua hii nimempa muuza mkate aitie posta.

Mwalimu


25 Aprili 2001
(Kwenye kanda, imepelekwa kwa mkono)

Dada yangu, shikamoo. Hii nakuandikia kwa mdomo. Nimemwambia dereva wa lori akukabidhi wewe mkononi, si mtu mwingine, na akwambie uisikilize ukiwa peke yako. Kama kuna mtu karibu, zima redio sasa hivi, uendelee baadaye.

Haya.

Sijasema hata siku moja kwamba nimechoka. Sijakwambia usubiri mwezi wa nane. Sijaagiza programu iwekwe upya. Nimekuuliza juu ya vitundu vitatu kwenye barua ya Februari na nikakuuliza tena Machi, na mara zote mbili hukujibu kama mtu aliyeulizwa. Mara ya kwanza nilidhani umesahau. Ya pili nikaanza kumwandikia msomaji, nikijua anaweza kusoma na anaweza asisome. Hasira zako hazikuniuma kama ulivyodhani. Kilichoniuma ni kwamba ulikasirikia maneno ambayo si yangu.

Simshtaki mtu. Mimi niko mbali, natumia akili tu, na akili ya mtu wa mbali inaweza kupotoka. Kwa hiyo nataka kidole chako kiamue. Zima, chomoa plagi, shika pale nilipokwambia. Ukivikuta vitundu vitatu, mimi ni mjinga, na nitamwomba shemeji msamaha kwa magoti. Lakini ukikuta pengo, kadi ya sauti imetolewa. Kadi haitoki yenyewe. Inashikwa na skrubu moja, ndogo, na lazima mtu afungue ubavu wa sanduku kwa bisibisi.

Ikipatikana, inarudishwa kwa kusukumwa taratibu kwenye mfereji wake mpaka uisikie imeng'ata. Kisha unaiwasha. Hapo ndipo penye shida, dada. Mashine itauliza maswali kwenye kioo kabla sauti haijarudi, na siwezi kukukaririsha kwa sababu yanategemea imekuta nini ndani. Kuna moja litakalotaka kujua kama ifute mafaili ya zamani au iyaache. Hilo ndilo lenye masomo yako. Hadi hapo utahitaji macho ya mtu. Macho ya nani, chagua wewe. Mimi siwezi kukuchagulia.

Feni ya jenereta inapiga kelele, sijui kama unanisikia vizuri. Nakupenda dada. Basi.


12 Mei 2001

Mdogo wangu,

Marahaba, na samahani kwa ile barua ya Aprili. Mama hajambo. Amesikia sauti yako kwenye kanda, ile sehemu ya mwisho tu, akasema unaongea kama mtu asiyelala.

Kaa chini nikusimulie, sitaki niruke kitu.

Dereva wako alikuja tarehe 2 saa nne asubuhi. Shemeji yako alikuwa ameenda kununua betri. Nilisikiliza kanda nikiwa nimeshika redio mapajani, nikarudisha, nikasikiliza tena pale pa skrubu. Halafu nikachomoa plagi na kukaa sakafuni nyuma ya meza. Nilishuka na mkono kutoka kwenye feni. Nikakuta tundu la waya wa kioo. Nikakuta la kibodi. Nikaendelea kushuka, na kidole changu kikaingia ndani. Hakikugusa kitu. Kiliingia mpaka pingili ya pili, kwenye ufa mrefu mwembamba wenye kingo za bati. Waya wa spika niliukuta umelala sakafuni, umekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Kwetu nani mwingine anafunga vitu kwa uzi?

Nilibaki pale chini. Nilikuwa na hasira, au ni aibu ya kuambiwa nisubiri nami nikasubiri, sijui. Nilimsikia akifungua mlango, akiweka betri mezani, akivuta kiti. Nikanyanyuka, nikafuata ukuta mpaka chumba cha mbele.

Nikamwambia, "Kadi iko wapi?"

"Kadi gani?"

"Ya sauti. Nimeingiza kidole mahali pake."

Zilisikika saa za ukutani tu, zile zote zisizoelewana. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, mdogo wangu, na nilikuwa nimeshaamua kwamba akidanganya tena natoka na mkoba wangu kwenda kwa Mama siku hiyo hiyo. Kisha nikasikia droo ya chini ikivutwa.

"Nimeifunga kwa kitambaa laini," akasema. "Haina hata mkwaruzo."

Eti haina mkwaruzo. Nilitaka kumrushia kiti.

Nikamuuliza kwa nini. Akaanza kusema taratibu, kama anayetafuta skrubu iliyoanguka. "Ulipougua mimi sikuwa msomaji. Nilijifunza kwa ajili yako. Gazeti lote, mpaka bei za mabati. Ulikuwa unaniita hata nikiwa na mteja. Halafu likaja lile sanduku. Siku moja nilikuja na gazeti, nikakukuta unacheka nalo peke yako. Nilisimama mlangoni. Hukujua kama nipo."

"Ungesema."

"Ningesema nini? Kwamba naionea wivu mashine?"

"Na barua za mdogo wangu?"

"Niliruka sentensi moja tu. Ile ya vitundu. Baada ya hapo ikabidi niruke nyingine ili ile ya kwanza isijulikane, na nyingine tena, mpaka 'usiweke programu' nikaisoma 'weka'. Ile ya pili niliitunga karibu yote. Aliniandikia mimi, akaniita fundi. Nilishindwa kuisoma hata kimoyomoyo."

Nikamuuliza kama aliituma ile barua ya shule bila sahihi yangu. Akasema hapana, na akanishikisha mkononi. Niliichana hapo hapo. Sijamwambia kwamba nimemsamehe, na wewe sikwambii hivyo.

Nilifikiria kumwita muuguzi wa nyumba ya pili aje kunisomea kioo. Ni mtu mwema, angekuja mbio. Lakini ningeishije baada ya hapo, ndani ya nyumba moja na mtu ambaye sijui kama anaweza kusema kweli? Nilitaka kujua. Kwa hiyo nikamwambia, "Lete bisibisi. Utanisomea."

Alifungua ubavu. Kadi niliisukuma mwenyewe, nikaisikia ikiingia na kung'ata kama ulivyosema. Yeye akakaza skrubu, akarudisha waya wa spika na plagi. Nikawasha. Mlio, feni, kisha akaanza kusoma, neno kwa neno, bila kupamba. Imekuta kifaa kipya. Inatafuta. Inaomba diski. Nilikuwa naweka kidole kwenye kitufe kila anapomaliza, na kila mara nilikuwa najiuliza, na kama siyo? Hakuna njia ya kujua, Waya. Unabonyeza tu.

Tukafika kwenye lile swali. Alinyamaza kama ule mwezi wa tatu. Nikasema, "Soma."

"Inauliza kama ifute mafaili ya zamani au iyaache," akasema. "Kufuta kuko mbele. Ukibonyeza sasa hivi inafuta."

"Na mwezi wa tatu iliuliza hivyo hivyo?"

"Iliuliza. Nilisogeza mshale kwenye kuacha kabla sijakwambia ubonyeze. Masomo yako sikuweza."

Nikamwambia asogeze. Nikasikia kitufe kikibonyezwa. Akasema, "Sasa iko kwenye kuacha." Nikabonyeza.

Ikachukua muda. Akaendelea kunisomea vijisentensi vinavyopita kwenye kioo, vingine havina maana, lakini hakuruka. Alikuwa katikati ya sentensi, anasema kwamba usakinishaji umekamilika na kompyuta iko tayari, ndipo Bwana Pua akaanza. Wakawa wanasema kwa pamoja. Sentensi ile ile, maneno yale yale, yeye mbele kidogo na mashine ikimfuata nyuma. Ndipo nilipojua kwamba alikuwa ananisomea kweli. Yeye naye akasikia. Akanyamaza, akaiacha mashine imalize.

Niliyatafuta masomo. Yamo yote. Nikaweka kichwa juu ya kibodi, nikalia, na mashine ikawa inasoma herufi zote ninazozilalia.

Mkaguzi alikuja Jumatatu kama walivyosema. Ni mwanamke, ana kikohozi kikavu na maswali mafupi. Nilimwomba shemeji yako atoke nje, na alitoka bila neno. Nikaandika somo, nikalisoma. Sentensi moja niliikosea kwa woga, nikaisikia, nikarudi nikaisahihisha. Alinyamaza muda mrefu, nikajua nimeharibu. Kumbe alikuwa anaandika. Alisema barua rasmi inakuja, ila nianze kuandaa masomo ya muhula ujao, darasa la nne. Haya, hilo ndilo jibu la swali lako la Februari.

Shemeji yako amebaki na saa zake. Ananiletea chai na haongei sana. Jana jioni alikuja akasimama mlangoni, na safari hii nilimsikia. Nikamwambia aingie na gazeti lake. Alianzia ukurasa wa kwanza, na hata bei za mabati hakuziruka.

Gazeti atanisomea. Barua zako, hapana. Kuanzia sasa niandikie kwenye diski, Bwana Pua anisomee, uitume shuleni, kwa jina langu mwenyewe. Yeye nimeshamwambia, na amesema ni haki.

Dada yako,
Mwalimu